Yule mzee wa sarafu mnayemjua kaisugua heller yangu ya Tabora kwa STILI WAYA, halafu kanidai buku mbili ya usafi

HellerIshirini (mleta uzi):
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji jina. Wa Dar mnamjua: kimeza, mwavuli uliochanika, lenzi jichoni hata akiwa anakula chapati. Huyo huyo.

Nimempelekea heller 20 ya 1916, sarafu ya enzi za Mjerumani huku kwetu. Ya TABORA, siyo kama zile heller nyingine zilizopigwa Ujerumani. Waingereza walipomfungia bahari, Mjerumani akaanza kupiga sarafu kwenye karakana ya reli palepale Tabora. Wengi mnazo za shaba ya njano, yangu ni shaba nyekundu, na ilishaiva yenyewe miaka mia na ushee ikawa kahawia tupu. Nilitaka aniangalizie herufi L za neno HELLER tu, kama ncha zimechongoka au zimejikunja, maana aina zake zinatofautishwa hapo.

Kageuka nyuma. Nikadhani anafuata kitabu. Nasikia kwaru, kwaru, kwaru. Wakuu, stili waya! Na dawa ya meno! Nilipiga ukunga hadi bodaboda wa kijiwe kizima wakawasha pikipiki wakijua kuna mwizi. Mzee wala hana habari. Kaifuta kwenye msuli, kanikabidhi inang'aa kama kijiko cha harusi, kasema: "Tayari kijana, ilikuwa chafu. Lete buku mbili ya usafi."

BUKU MBILI. YA USAFI.

Sarafu ya kale haisafishwi! Ile mikwaruzo haitoki tena. Hata niipeleke kwa wale wa Marekani wanaopima ubora na kuzifungia kwenye plastiki, wataandika tu "imesafishwa" na daraja sipati. Kaiua mtu aliyevaa lenzi!

Kobe wa Ilala:
Ulilipa au hukulipa?

HellerIshirini:
Mkuu, hoja ni stili waya.

Kobe wa Ilala:
Kalipa huyu 😂😂

Mnyamwezi Mpole:
Wana Tabora tumefiwa. Ila mshukuru Mungu hukumpelekea ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma. Angemsugua tembo mpaka abaki sungura.

HellerIshirini:
Wewe unacheka, mimi bado nausikia ule mlio. Kwaru.

Jembe la Mkono:
Sasa sarafu ya mkoloni unaililia hivi, ya kwetu utaifanyaje? Mimi ninayo senti 5 ya samaki ya 1966, naiuza kwa laki.

Kobe wa Ilala:
Kwa laki ununuliwe wewe na huyo samaki.

Bi Mdogo wa Ng'ambo:
Kaka, wewe umerudishiwa nzima. Mie bibi yangu kaniachia reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya 1780 yenye sura ya malkia huyo wa Austria. (Naam, najua zote zimeandikwa 1780, hata iliyopigwa karne hii, msinisomeshe.) Nikampa sonara aitie pete niivae mkufuni. Kenda kumtoboa yule mama kooni! Namuuliza, ananambia, "Mwanangu, si ulitaka ining'inie?"

HellerIshirini:
Pole dada. Ila wewe hukudaiwa usafi.

Bi Mdogo wa Ng'ambo:
Nilidaiwa ufundi!

Jembe la Mkono:
Kwani zenye tundu si mnakusanya pia? Ninayo senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, imetobolewa katikati kabisa.

Mnyamwezi Mpole:
Hiyo imezaliwa na tundu, Jembe. Soma jina la mfalme. Kama ni Edward wa Nane, huyo alijiuzulu mwaka huohuo hata taji hajavishwa. Sura yake haimo, kwa hiyo ziliwahi kutoka.

Dalali Mkimya:
Habari za humu. Nina mteja serious wa rupia ya Mjerumani INAYOVUTA MCHELE. Pesa ipo. Nicheki pembeni.

Kobe wa Ilala:
Wamefika hao matapeli wa rupia! Shemeji yangu kauza ng'ombe baada ya kuambiwa kuna sanduku la Mjerumani chini ya mwembe wake. Wamechimba, mwembe umeanguka, sanduku hakuna, na aliyeleta mganga hapokei simu.

Jembe la Mkono:
Mwembe gani? Dodo?

Kobe wa Ilala:
Dodo.

Jembe la Mkono:
Daah. Hapo ndipo nilipoumia kwenye uzi huu.

HellerIshirini:
Jamani! Buku mbili! Ya usafi!

Mama Sufuria:
Mleta uzi, hiyo dawa ya meno ni aina gani? Nina birika limenishinda.

Abiria wa Mbagala:
Acheni sarafu za marehemu. Leo konda kanikatalia hamsini hamsini zangu, eti hazipokelewi. Amezikataa kama nani, yeye ni Benki Kuu?

Mama Sufuria:
Afadhali wewe. Kwa Mangi chenji yangu ya mia napewa pipi. Jana nimemrudishia pipi zake anipe kiberiti, kakataa, eti hizo siyo hela.

Abiria wa Mbagala:
Kakataa pipi zake mwenyewe??

Kobe wa Ilala:
Mama, huyo Mangi anzishia uzi wake kabisa.

HellerIshirini:
Uongozi, naomba mfunge uzi huu.

Abiria wa Mbagala:
Subiri kwanza mkuu, hatujamaliza ya pipi.