Msaada: Broken Sword ya 1996 (CD mbili) kwenye simu ya Android, sauti za wahusika hazitoki na folda haionekani

paka_wa_dirishani

Wakuu, habari za jioni. Nina CD zote mbili za Broken Sword: The Shadow of the Templars, ile ya mwanzo ya kampuni ya Revolution ya mwaka 1996, siyo marudio yaliyotoka baadaye. Nataka kuucheza kwenye simu ya Android. Nilipokwama ni hapa:

Kwanza, setup ya kwenye CD inakataa kufunguka kwenye Windows 11. Nikaona isiwe tabu, nikakopi CD ya kwanza yote kwenye folda moja, kisha ya pili juu yake. ScummVM (programu ya kuchezesha michezo ya zamani) ya kwenye kompyuta ikautambua mchezo na picha zinaenda vizuri, ila watu wanafungua midomo kimya kimya, maandishi tu.

Pili, nimehamishia folda hiyo kwenye simu ndani ya Download. Meneja wa faili anaiona, ScummVM ya kwenye simu haiioni kabisa.

Tatu, mchezo huu unataka kitufe cha kulia cha kipanya. Kwenye simu nakipataje? Natanguliza shukrani.

kisanduku_cheusi

Setup isahau, huihitaji. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 16 hata uipigie magoti. Visakinishi vingi vya miaka ile vilikuwa vya biti 16, hata pale mchezo wenyewe ulipokuwa wa biti 32. Kubofya kulia na kuchagua "compatibility mode" hakusaidii kwa tatizo hili, usipoteze muda.

ScummVM haiigizi kompyuta ya zamani. Inachukua nafasi ya faili la EXE la mchezo, halafu inasoma data zilezile zilizomo kwenye CD: picha, ramani, maneno, sauti. Ndiyo maana mchezo mmoja unakwenda kwenye Windows, Linux, Android na iPhone bila kubadilishwa chochote. Kazi yako ni moja tu, data ziwe kamili na ziwe na majina ambayo ScummVM inayategemea. Na kwako hapo kwenye majina ndipo palipoharibika.

mzee_wa_disketi

Sauti imepotea pale uliposema "ya pili juu yake". Kila CD ina folda ya SPEECH, na ndani yake kuna faili linaloitwa SPEECH.CLU. Majina yanafanana, yaliyomo ni tofauti kabisa: moja limebeba mazungumzo ya CD ya kwanza, lingine ya CD ya pili. Ulipokopi ya pili Windows ilikuuliza kama ibadilishe, ukakubali, la kwanza likafutika. Na hata hilo lililobaki ScummVM hailitambui kwa jina hilo.

Futa folda, anza upya hivi:

1. Tengeneza folda, tuseme BS1.
2. Weka CD ya kwanza. Kopi folda za CLUSTERS, MUSIC, SMACKSHI na SPEECH ziingie BS1.
3. Kabla hujaitoa CD hiyo, ingia BS1/SPEECH na ubadilishe jina la SPEECH.CLU liwe SPEECH1.CLU.
4. Weka CD ya pili, kopi folda hizohizo. Windows ikiuliza kuunganisha folda, kubali.
5. Ingia tena SPEECH, SPEECH.CLU iliyoingia sasa iite SPEECH2.CLU.

Mwisho hakikisha ndani ya CLUSTERS kuna SWORDRES.RIF. Hilo ni kama faharasa ya mchezo mzima, likikosekana hakuna kinachofunguka. SMACKSHI ndiko ziliko video za katuni zenye kiambishi cha SMK. Ukiziacha mchezo unaendelea, ila utarukishwa sehemu za hadithi na utabaki unajiuliza huyu mtu kafikaje hapa.

Ukishamaliza, kwenye orodha ya ScummVM uondoe mchezo na uuongeze upya. Halafu kwenye mipangilio ya sauti ya mchezo huo angalia palipoandikwa "Text and speech". Ikiwa kwenye Subtitles pekee, sauti haitatoka hata faili ziwe sahihi. Weka Both.

tumbili_mwekundu

Si atumie DOSBox tu yaishe?

kisanduku_cheusi

Inawezekana, ila kwa mchezo huu unajitafutia kazi. DOSBox inaiga kompyuta nzima, kwa hiyo utahitaji kila CD uigeuze kuwa faili la nakala kamili, uziunganishe kwa amri, na katikati ya mchezo ubadilishe CD. Kwenye simu bila kibodi hiyo ni adhabu. DOSBox iweke kwa michezo ambayo ScummVM haiijui.

Bi_Kibodi

Kuhusu folda kutoonekana kwenye simu: tatizo ni Android, siyo faili zako. Matoleo mapya ya Android hayairuhusu programu kuona hifadhi yote. Ni lazima wewe mwenyewe uikabidhi folda. Na kuanzia Android 11 kuna sehemu usizoweza kuzikabidhi hata ukitaka: Download yenyewe, na mzizi wa hifadhi, yaani hifadhi nzima kwa mkupuo. Toa BS1 humo. Tengeneza folda ya juu kabisa, mfano Michezo, uiweke BS1 ndani yake.

Kisha fungua ScummVM, bonyeza Add Game. Panda juu hadi mwanzo kabisa wa orodha, utakuta mstari wa "Add a new folder". Uguse. Itafunguka skrini ya Android yenyewe, chagua Michezo, kubali kutumia folda hii, ruhusu. Ukirudi ScummVM utaiona Michezo kwenye orodha. Ingia BS1, ukiwa humo chagua folda hiyohiyo, usiingie hadi CLUSTERS. Watu wengi wanakosea hapo: wakichagua CLUSTERS mchezo unatambuliwa, lakini ScummVM inatafuta SPEECH na MUSIC ndani ya CLUSTERS, haizipati, wanarudi tena kulalamika sauti.

Ukipanga michezo yako yote ndani ya Michezo, ruhusa hiyo moja inatosha kwa yote.

mzee_wa_disketi

Bi_Kibodi kamaliza. Nyongeza: waya wa USB ukisumbua, ScummVM ina seva yake ndogo. Kwenye mipangilio ya jumla tafuta LAN, bonyeza Run server, itakuonyesha anwani inayoishia na 12345. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ileile, unatuma na kushusha faili kutoka hapo. Kwa CD mbili nzima ni polepole, mimi ningetumia waya, lakini kwa faili dogo dogo inafaa sana.

kona_ya_kulia

Sasa vidole. ScummVM ya simu ina namna mbili za kutumia skrini zinazokuhusu. Ya kwanza, mshale unaruka hadi pale ulipogusa. Ya pili, skrini nzima inakuwa kama padi ya kompyuta ndogo: unaburuta kidole popote na mshale unasogea, ukigonga unabofya pale ulipo mshale, siyo pale kilipo kidole. Kubofya kulia ni kugonga kwa vidole viwili. Juu kulia kuna alama ndogo ya kubadilisha namna hizo.

Kwa Broken Sword chagua padi. Kitufe cha kushoto ndicho cha kutenda, cha kulia ni cha kutazama kitu kwa makini, na vitu vingi humo ni vidogo kuliko ncha ya kidole. Mchezo umechorwa kwa nukta 640 kwa 480. Kwenye skrini ya simu, funguo au kipande cha karatasi kilicho sakafuni kinafunikwa chote na kidole cha shahada. Ukiwa na padi unaupitisha mshale polepole juu ya sakafu, na ukibadilika umbo ujue hapo pana kitu.

Na kwa mbuzi ndiyo usithubutu bila padi.

tumbili_mwekundu

Mbuzi gani tena?

kona_ya_kulia

Yule wa Ireland, kwenye magofu ya ngome. Ukienda kwenye ngazi anakupiga pembe unaanguka. Mafumbo mengi yanakusubiri hata siku nzima, hili halikusubiri, linataka ubofye kwa wakati. Watu wanadhani mchezo umeharibika.

Bofya ngazi. Ukishapigwa, George (mhusika unayemwongoza) akiwa bado chini, bofya haraka ile mashine ya kilimo iliyo karibu. Ukisubiri asimame ajifute vumbi, umechelewa. Kwa kidole cha moja kwa moja mkono wako unaziba mashine na mbuzi kwa pamoja. Kwa padi, ukishabofya ngazi peleka mshale juu ya mashine mapema, uuache hapo, ukingoja kugonga tu.

paka_wa_dirishani

Asanteni sana, sauti zimetoka hadi sehemu za CD ya kwanza. Mawili yamebaki. CD ya pili inagoma katikati ya kukopi SPEECH.CLU, Windows inasema "cyclic redundancy check". Na simu ina nafasi ndogo, folda ni kubwa mno.

mzee_wa_disketi

Maneno hayo maana yake kisomeo kimefika mahali kimeshindwa kupata data sahihi. Mara nyingi ni uchafu au mikwaruzo. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji kidogo, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data zimeandikwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu sehemu ndefu mfululizo, ule unaokatiza unaharibu kidogo kidogo na kisomeo kinaweza kurekebisha chenyewe. Ikigoma jaribu kisomeo kingine, havifanani uwezo hata kidogo. Geuza pia utazame upande wenye maandishi: tabaka linaloakisi liko huko juu, likibanduka hakuna dawa.

Bi_Kibodi

Nafasi: kuna kifurushi kinachoitwa ScummVM Tools, kinapatikana kwenye tovuti ya ScummVM. Ndani yake kuna compress_sword1. Kinazigeuza sauti na muziki kuwa MP3, Ogg Vorbis au FLAC. Kwa simu chukua Vorbis, FLAC haipunguzi vya kutosha. SPEECH1.CLU inazaliwa upya kama SPEECH1.CLV. Ukishahakikisha inafanya kazi, zile CLU mbili za SPEECH usizipeleke kwenye simu. Zile za ndani ya CLUSTERS usiziguse, ni data za mchezo zenyewe, kiambishi kimefanana tu. Kazi hiyo ifanyie kwenye nakala, asili ibaki kwenye kompyuta.

kisanduku_cheusi

Wakati unahangaika na CD, shusha Beneath a Steel Sky kwenye tovuti ya ScummVM. Ni ya Revolution haohao, ya mwaka 1994, wenyewe waliitoa bure mwaka 2003. Itakusaidia kujua kama ruhusa za folda na vidole viko sawa kabla ya kulaumu CD. Chukua toleo la CD. La disketi halina sauti za wahusika, usije ukafungua uzi mwingine. Huo ni wa nukta 320 kwa 200, uliochorwa kwa ajili ya skrini za 4 kwa 3, hivyo washa "Aspect ratio correction", la sivyo watu wote wanakuwa wafupi na wanene. Kwa Broken Sword haihitajiki.

paka_wa_dirishani

Kisomeo cha pili kimeisoma CD hadi mwisho! Sasa nikiisevu kwenye simu halafu nikaifuta ScummVM, michezo niliyosevu inabaki?

Bi_Kibodi

Usiijaribu. Kwa kawaida inasevu ndani ya eneo lake lenyewe, na ukiifuta programu Android inafuta eneo lote. Nenda mipangilio ya jumla, Paths, Save path, uielekeze kwenye folda ndani ya Michezo, mfano Michezo/Sevu. Fanya hivyo leo kabla hujaanza. Ukibadilisha katikati, sevu za zamani hazihami zenyewe na orodha itaonekana tupu.

Na usevu kwa mkono kabla ya mbuzi.