Tupeane uzoefu: kichanga yuko ziwani, mtundu wa miaka miwili yuko kwenye ndoo ya maji

Mama Mbagala:
Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa wiki tano na kaka yake ana miaka miwili na miezi mitatu, naandika hii saa nane usiku huyu mdogo ananyonya. Nilijifungua kwa kisu, mama alikaa na mimi wiki tatu akarudi Lindi kwenye mikorosho yake, baba yao anatoka alfajiri anarudi usiku, dada wa kazi sina. Tumepanga, uani tuko wapangaji watano.

Kasheshe yangu ni saa ya kunyonyesha. Nikishakaa tu nikatoa ziwa, mkubwa anajua mama hanyanyuki. Ameshamwaga sembe kilo mbili sakafuni, simu yangu ameitumbukiza kwenye ndoo ya maji, siku nyingine kafungua mlango kaenda mpaka kwa mama wa genge.

Lakini iliyonimaliza nguvu ni ya juzi Jumatano. Nimemlaza mdogo kitandani, manyunyu yakaanza nikakimbia uani kuanua nguo, sidhani hata dakika mbili zilifika. Narudi namkuta mkubwa kapiga magoti kitandani na kibakuli chake cha ubwabwa, kamshika mwenzie kidevu, anamwambia "aam, aam" vilevile ninavyomwambiaga yeye. Punje tatu ziko juu ya ulimi naziona. Nikazitoa moja moja kwa ncha ya kidole mikono inatetemeka, nashukuru Mungu mdogo hata hakukohoa. Halafu nikamchapa mkubwa. Alilia kile kilio cha kukata pumzi na kibakuli bado kakishika vizuri kisimwagike. Nikakaa chini tukalia wote watatu, maana pale ndo nilielewa hakuwa anafanya utundu, alikuwa anamlisha mdogo wake.

Nyie mliopita hapa mlifanyaje? Naombeni mlichofanya wenyewe, "utazoea" nimeshaambiwa sana.

Mama Wawili Moshi:
Pole mama, na hongera kwa mtoto. Wangu wamepishana mwaka na miezi nane. Nilishika mimba wa kwanza bado ananyonya, watu wakanitisha nitambemenda, nikapaka shubiri akaacha kwa siku mbili. Mpaka leo inaniuma, mtoto kanyang'anywa ziwa halafu miezi michache mbele anamuona mwenzie kalishika, wewe mtu mzima ungekaa kimya? Baadaye nesi akanieleza kama mimba haina shida unaendelea tu, na hata ukishajifungua wote wanaweza kunyonya ila mchanga anatangulia.

Kilichoniokoa ni beseni. Niliweka sufuria kuukuu, mwiko, kopo la maziwa, mtandio wangu wa zamani na simu mbovu niliyoitoa betri. Linatoka chini ya kitanda nikianza kunyonyesha tu, nikimaliza linarudi. Ukiliacha nje siku nzima litazoeleka halina kazi tena. Na hama kitandani, nyonyeshea chini kwenye mkeka, mlango umeufunga, paja moja ni la mdogo na lingine unaliacha wazi kwa ajili yake. Wangu alikuwa anakuja mwenyewe anaegemea.

Baba Dodoma:
Naomba niongee na akina baba. Sheria ya kazi inampa mama siku 84, mapacha 100, sisi siku 3 na uzichukue ndani ya siku 7 toka mtoto azaliwe. Zangu ziliishia wodini, nikaomba likizo ya mwaka nikaunganisha. Siku za mwanzo nilikuwa nang'ang'ania kubeba kichanga, mke wangu akaniambia nipe huyu, wewe mchukue yule. Basi ikawa kumuogesha mimi, sokoni na mimi, kulala na mimi. Jioni moja nikamtolea kadi yake ya kliniki, nikamuonyesha na kovu la chanjo begani, nikamwambia na wewe ulikuwa mdogo hivi mama anakubeba. Wiki nzima kila mgeni anavutiwa shati aone kovu. Kumng'ata mdogo vidole kulipungua toka hapo.

Bi Mvita:
Wangu wa mbele alikuwa ashaacha kujikojolea, mtoto alipokuja akaanza upya na akataka chupa. Mamangu alikuwa amekuja kunilea arobaini, akaniambia usimgombeze, mvishe nepi usiku na umpakate. Miezi miwili akaacha mwenyewe.

Nesi wa Zamu:
Mama Mbagala, hilo la ubwabwa nisikilize vizuri. Siku kichanga kikikabwa hakitoi sauti, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua, piga mara tano katikati ya mabega kwa kiganja huku mwenzio anatafuta usafiri. Usichokiona mdomoni usikitafute kwa kidole, utakisukuma ndani.

Ndoo zote mfuniko, mtoto wa miaka miwili anazama hata kwenye maji machache. Na wewe una mshono, usimnyanyue mkubwa kwa sasa, kaa chini apande mwenyewe. Nilishapokea mama kitovu cha mtoto kimejaa unga wa ngano, dada mtu kaona mama anampaka mdogo pauda na yeye akaenda jikoni. Wanaiga kila kitu, kwa hiyo mpe cha kuiga. Miezi sita ni ziwa tu hata maji hapana, mwambie mdogo hana meno, mfungulie mdomo aone.

Mama Mbagala:
Nimerudi, leo siku ya kumi na moja. Beseni limefanya kazi, sio kila mara, jana alilimwaga lote akanifuata. Ila mkeka ndo umenisaidia sana, anaweka kichwa pajani anashika kisigino cha mdogo mpaka usingizi unampitia. Baba yao nilimsomesha ile ya Dodoma, Jumapili kaondoka na mkubwa toka saa mbili mpaka saa saba, nimelala jamani. Ndoo nimefunika na juu nimeweka jiwe.

Meno alikagua mwenyewe kwa tochi ya simu. Sasa hivi akimaliza ubwabwa anaenda kumuonyesha mdogo kibakuli kitupu, anamwambia "huna meno, kesho".