Mrejesho: Balbu za LED nyumbani Kirumba

Ndugu zangu, niliuliza kama inafaa kuziondoa balbu za waya za wati 60 hapa nyumbani Kirumba, Mwanza, na kuweka za LED, kwa sababu uniti za LUKU zilikuwa zikiisha upesi. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutazama lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka, badala ya wati, kipimo cha umeme unaotumika: balbu ya LED ya wati 9, yenye lumeni 800 hivi, inaangaza sebule sawasawa na ile ya zamani, na uniti zinadumu zaidi, ingawa si kwa kiasi nilichotarajia, maana friji na pasi bado vinakula umeme wao.

Kwenye korido haikufaa. Balbu iliungua mapema ndani ya globu ya kioo iliyozibwa, na fundi alipoitoa, kitako kilikuwa kimegeuka kahawia, kwani joto lilikosa pa kutokea likaharibu saketi ya umeme iliyo ndani ya balbu. Tumeiondoa globu, na balbu mpya inaendelea vizuri.

Barazani, mwanga wa manjano wa kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) umepunguza wadudu wa ziwani; wakija kwa makundi, hata hivyo, dawa ni kuzima taa tu. Wenye holda za pini wasinunue balbu za skrubu.