Tupeane uzoefu: maziwa ya mama yanayozidi na kichanga anayelia jioni nzima

Mama Tumaini, Nkuhungu

Habari za jioni akina mama, na akina baba mnaolea pia. Kila kona tunapewa mbinu za kuongeza maziwa: uji wa pilipili manga, karanga, supu ya kuku wa kienyeji. Ukisema shida yako ni kuzidi, unaambiwa umshukuru Mungu, wenzio wanayatafuta. Namshukuru kweli. Ila nataka tuliopitia hili tuzungumze, maana najua kuna mzazi hapa Dodoma usiku huu amekaa kitandani kanga zimelowa chapachapa, mtoto analia, na hana wa kumwelewa.

Mwanangu wa pili alikuwa akishika titi tu anapaliwa. Anajirusha nyuma, analia, anarudi kwa njaa, anapaliwa tena. Ikifika saa 12 jioni anakunja magoti tumboni, anakaza ngumi, uso umeiva, na kilio hicho mpaka saa 4 usiku. Choo cha kijani chenye povu. Na uzito unapanda vizuri mno, kwa hiyo kila nikieleza shida kliniki naonyeshwa mstari wa kwenye kadi: mama, mtoto wako anakua, nenda nyumbani.

Aliyenisaidia ni nesi mmoja aliyeomba nimnyonyeshe mbele yake. Alitazama tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akanieleza. Titi hutengeneza kadiri linavyotolewa; ukilikamua likaisha, umeagiza mengine. Maziwa yanayotangulia titi likiwa limejaa yana mafuta kidogo, na mafuta huongezeka kadiri linavyopungua. Mtoto anayejazwa upesi na yale ya mwanzo, ile sukari ya maziwa, laktosi, inapita haraka na nyingine inafika utumbo mpana haijameng'enywa. Huko inachachuka na kutoa gesi. Ndiyo lile povu, ndiyo yale magoti.

Akaniambia nimpe titi moja kwa saa 3 mpaka 4. Ndani ya muda huo kila akitaka kunyonya anarudi titi lilelile, halafu ndiyo nahamia la pili. Lile linalosubiri likiuma nakamua kidogo, ya kupunguza maumivu tu. Alisisitiza kwamba utaratibu huu haufai kwa mama aliyejifungua juzi, maana wiki za kwanza mwili bado unajipima, na kwamba niwe narudi kupima uzito.

Jambo la pili ni mkao. Naegemea mito karibu kulala chali, mtoto kifudifudi juu yangu, ili maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Nikisikia ule mchomo kama wa sindano, dalili kwamba yanafunguka, naingiza kidole cha mwisho pembeni ya mdomo wake, namwachisha taratibu, nakinga kitambaa. Mrija unaruka, unapungua, unakuwa matone. Namrudisha. Siku za mwanzo alikuwa anakasirika kuachishwa, baadaye akazoea akawa anasubiri mdomo wazi.

Haikuisha kwa usiku mmoja. Lakini choo kilirudi njano kwanza, kilio kikafuata kupungua. Karibuni, kila mtu aseme ya kwake.

Binti wa Mpwapwa

Pole dada, na asante kwa kuanzisha. Mimi shangazi alinisisitiza niyakamue yaishe yasije yakaozea ndani. Nikanunua pampu. Kila nikimaliza, baada ya muda mfupi yamejaa kuliko mwanzo, na mimi najiona ndiyo natibu. Siku moja mchana, jua la Novemba linawaka, nikaanza kutetemeka chini ya blanketi. Nyumba nzima ikasema malaria. Kupima, hamna. Daktari alipoomba kuona titi akakuta upande wa nje pamekuwa pekundu, pagumu, pa moto.

Nilipewa dawa za kuua bakteria, na nikaambiwa niendelee kunyonyesha, hata titi lile bovu, maziwa hayamdhuru mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshabandika maji ya moto anikande kifua jinsi wanavyokanda mgongo na tumbo la mzazi. Namheshimu sana mama yule, ametulea wote. Mume wangu ndiye aliyemwomba taratibu: mama, hapo kifuani daktari amesema baridi. Basi mama akaenda mwenyewe sokoni kununua kabichi! Tunaosha majani, tunayaweka kwenye friji, nayavaa ndani ya sidiria mpaka yanyauke. Umeme ukikatika natumia kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini. Titi likilainika naacha, nisije nikayakausha kabisa.

Mama Rayan, Kondoa

Jamani, na uwatu je? Bi mkubwa ananichemshia asubuhi na jioni tangu nimejifungua, na hali yangu ni hiyohiyo ya Mama Tumaini.

Mama Tumaini, Nkuhungu

Mama Rayan, uwatu watu huunywa ili yaongezeke. Kwako yamezidi, ya nini tena? Mwambie bi mkubwa kwa adabu akuchemshie chai ya kawaida. Ila chakula usipunguze wala maji usijinyime, kuna wanaojinyima maji wakidhani maziwa yatapungua, wanaishia kuumwa kichwa.

Baba Neema, Ihumwa

Niwasemee akina baba. Nikitoka kazini Mtumba nafika nyumbani saa ileile kilio kinapoanza. Mke wangu ameshinda nacho, hana nguvu hata ya kula. Nikajipangia kazi: akimaliza kunyonya namchukua mimi. Nambeba kifudifudi juu ya mkono, kichwa kwenye kiwiko, kiganja changu kikiwa chini ya tumbo lake, tunazunguka uani. Kumcheulisha namcheulisha katikati ya kunyonya, nisisubiri mpaka amalize. Jioni nyingine navua shati namlaza kifuani, namfunika kitenge, maana upepo wa Julai huku hauna huruma.

Kilichoniuma ni maneno. Majirani walianza kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa, kwamba nimetoka nje ya ndoa ndiyo maana hatulii. Mke wangu akawa analia pamoja na mtoto. Nilimwita mama mmoja wa pale uani, mtu mzima, nikamwambia kwa heshima: mama, mtoto huyu ananyonya, anaongezeka, anacheka asubuhi. Tusaidieni kumbeba, maneno yatatuvunja. Kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe akawa anakuja na mbeleko yake kumpokea.

Baba mwenzangu, ukifika mahali hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje uvute pumzi, rudi. Usimtikise kamwe, ubongo wa kichanga unaumia.

Mkunga mstaafu, Manyoni

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Naongeza machache kwa sababu si kila kilio ni maziwa.

Kilio hiki tunachokiita mchango, mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, alikiwekea kipimo kinachotajwa mpaka leo: mtoto mwenye afya, anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Huanza akiwa na wiki 2 au 3, hukolea karibu na wiki ya 6, na kwa wengi huisha kati ya miezi 3 na 4. Hata watoto ambao mama zao wana maziwa ya kiasi hupata.

Kuhusu titi, Binti wa Mpwapwa alihudumiwa vizuri. Zamani hata sisi tulifundishwa kukanda na kukamua mpaka liishe. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa masuala ya kunyonyesha, unasema baridi, kugusa kwa wepesi, na kutokamua kupita mahitaji.

Sasa nisikilizeni. Chini ya miezi 6 mtoto hahitaji maji, wala zile dawa za gesi za chupa, wala mizizi. Kimeo asikatwe, watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa ajili ya kilio ambacho kingeisha chenyewe. Na huku kwetu Singida na Dodoma, mtoto wa kike akilia sana bado wapo wanaonong'ona kwamba ana lawalawa, yaani ugonjwa wa sehemu za siri, na kutaka kumkeketa. Hiyo si tiba ya chochote, na sheria ilishaifanya kosa la jinai tangu 1998. Bibi akikuomba akae na mjukuu peke yake kwa sababu hiyo, kataa, hata kama ni mama yako mzazi.

Mkimbizeni hospitali mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, anayekataa kunyonya, aliyelegea, au ambaye utosi umevimba.

Binti wa Mpwapwa

Asante mama yetu. Swali la mwisho: narudi kazini mwezi ujao. Nisipokamua mchana nitalowa mbele za watu, nikikamua yanaongezeka. Nifanyeje?

Mama Tumaini, Nkuhungu

Mdogo wangu, kwanza dai haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na ukirudi mwajiri anapaswa kukuruhusu mpaka saa 2 kwa siku kunyonyesha. Kama nyumbani ni karibu, nenda ukamnyonyeshe mwenyewe. Kama ni mbali, kamua kiasi anachokunywa mtoto wakati haupo, zaidi ya hapo acha. Kwenye friji yanakaa siku 4. Mezani ni kwa muda wa saa 4 tu kama chumba hakizidi nyuzi 25, na ofisi zetu mchana zinazidi, kwa hiyo beba kibegi chenye chupa za barafu. Na vaa nguo ya maua maua, haionyeshi madoa.