Mjadala: Shujaa asimuliwe na dosari zake, au tuzifunike?

Mchokonozi (mleta mada)
Wakuu, tunapomtaja shujaa ili watu wajifunze maisha, tuseme yote au tuchague? Mimi nasema tuchague. Kijana anahitaji mfano unaong'aa, si faili la makosa. Abebe Bikila wa Ethiopia, Olimpiki ya Roma 1960: alikimbia marathoni pekupeku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Huna viatu? Kimbia hivyo hivyo. Mengine ya nini?

Kalamu Nyekundu
Mkuu, mfano wako ndio unaokuangusha. Viatu vilikuwepo Roma, ila havikumkaa vizuri, na mazoezi ya pekupeku alikuwa keshayafanya chini ya kocha Onni Niskanen. Alichagua kitu alichokwisha kukijaribu. Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena kwa 2:12:11, yaani dakika 3 na sekunde 5 pungufu ya Roma, na hiyo ni wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Ukiificha Tokyo, kijana atadhani vifaa si kitu, aharibu nyayo bure. Ninachokiona mimi pale Roma ni mtu aliyekataa kujaribu kiatu kipya siku ya mashindano.

Mzee Daftari
Hapo umegusa penyewe. Somo halikai kwenye sifa, "alikuwa mvumilivu", "alikuwa jasiri". Linakaa kwenye uamuzi wenye tarehe.

Chukueni daktari Ignaz Semmelweis, Vienna, 1847. Hospitali moja, wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga, na vifo vilizidi kwenye ya kwanza. Mwenzake Kolletschka akakatwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile za wale kina mama. Semmelweis akaunganisha: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, kwa kuwa yaliondoa harufu ya maiti mikononi. Aprili walikufa kama 18 katika kila wazazi 100. Juni kama 2.

Watu huishia hapo na kupiga makofi. Lakini kitabu chake kilitoka 1861, miaka 14 baadaye, na waliompinga aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Alikufa 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichooza. Ukikata nusu hii, unabaki na "ukweli hushinda wenyewe". Wapi!

Asumini
Mzee, unamgeuza mwathirika kuwa mkosaji. Takwimu aliziweka mezani. Wakubwa ndio waliozikataa.

Mzee Daftari
Kweli walizikataa, na aibu ni yao. Ila mimi msomaji siwezi kuiga wala kurekebisha vichwa vya wakubwa wa Vienna. Naweza kujifunza kuandika mapema na kutomtukana ninayetaka kumshawishi.

Nahodha wa Nchi Kavu
Mimi natazama nani alilipa. Ernest Shackleton, mpelelezi aliyetaka kuvuka bara la barafu la Antaktika, anasifiwa kwamba meli yake Endurance ilisagwa na barafu mwaka 1915, na watu wote 28 wakatoka hai. Sawa kabisa. Lakini safari ile ilikuwa na kundi la pili, upande wa Bahari ya Ross, lililotumwa kumwekea akiba za chakula njiani. Walizikokota na kuziweka. Hakufika kuzichukua, na watatu wao walikufa. Anayesema "hakupoteza mtu" amehesabu meli moja.

Nikimchambua shujaa napiga safu nne kwenye karatasi: aliamua nini na lini, wakati huo alijua nini (si tunachokijua sisi leo), nani alibeba gharama, na bahati ilichangia wapi. Safu ya nne ndiyo watu huiruka. Ikibaki tupu, mrudie, hujamsoma vya kutosha. Jingine linaloharibu kazi ni kuchanganya miaka, ukamsifu mtu wa 1915 kwa busara ya 1930. Uamuzi mmoja kwa karatasi unatosha.

Mchokonozi
Kwa Bikila narudi nyuma, safu ya pili imenimaliza. Kwa Semmelweis bado. Mtoto wa miaka 8 naye aambiwe kuhusu kidonda na hospitali ya vichaa?

Asumini
Wa miaka 8 mpe mikono, harufu na chokaa, umwambie wakubwa wengi walikataa kumwamini. Wa 15 mpe barua zile. Ila wa 8 usimwambie kwamba baadaye wote walimpigia makofi, maana hilo si kufupisha tena, ni uongo.

Mchokonozi
Kufupisha nakubali. Safu ya bahati kwa Semmelweis mnaijazaje?

Kalamu Nyekundu
Wodi mbili chini ya paa moja. Ingekuwa moja, asingekuwa na cha kulinganisha.