Korosho ghafi imebaki ya siku tisa, niwaambie wabanguaji au ninyamaze?

Msimamizi wa zamu, Mtwara mjini
Habarini wadau. Niko kwenye kiwanda cha kubangua korosho, nina akina mama 64 chini yangu, wanalipwa kwa kilo. Mnadani tumeshindwa bei na wanaosafirisha ghafi nje, na mkopo wa benki haujatoka. Meneja kaniambia ninyamaze mpaka mambo yakae sawa. Lakini hawa mama wanapita ghalani kila siku, magunia wanayaona yanavyopungua. Jana mmoja kaniuliza: "Mwanangu, nikope ada ya mtoto au nisubiri?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Sijalala.

Mbanguaji wa zamani
Mwanangu, mwambie asikope. Mimi nilifika asubuhi na kitambaa changu kichwani nikakuta kufuli getini. Kazi kuisha nilivumilia. Kilichonitesa ni kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa, niliyochukua wiki moja kabla, nikitegemea kilo zangu za pale. Nililipa kwa kuuza mabati.

Afisa utumishi, Lindi
Usimruke meneja, mpelekee sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38: mwajiri akishafikiria tu kupunguza watu anatakiwa atoe notisi, aeleze sababu, ashauriane nao au na chama chao. Kunyamaza kutamfikisha CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Halafu aongee yeye mwenyewe, asikutume wewe. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaanza kusomba, nilikokuwa nafanya kazi hatukujua kama tutapata hata gunia. Bosi wetu alisimama getini kila Jumatatu kabla ya zamu: ghalani kuna magunia kadhaa, mshahara wa mwezi huu upo, wa mwezi ujao sijui, Jumatatu nitakuja tena. Na alikuja, hata akiwa hana jipya. Watu walikasirika, ila hakuna aliyeamini maneno ya kijiweni.

Msimamizi wa zamu
Asanteni sana. Meneja alifoka kwanza, kisha akasoma kifungu mara mbili. Kesho saa moja asubuhi anaongea nao mwenyewe.

Jioni nimempitia yule mama kwake Chikongola. Alishasaini mkopo jana ile ile. Nimemwomba meneja akipunguza watu, huyo mama awe wa mwisho. Bado hajanijibu.