Cheni mpya, sproketi za zamani: inakaza na kulegea. Tunataka kupanda Sipi

Mpanda_Njeru

Hamjambo wenzangu. Sisi ni marafiki wa Njeru na Jinja. Jumamosi huwa tunakutana kushughulikia pikipiki zetu wenyewe badala ya kuzipeleka gereji. Kazi iliyo mbele yetu ni cheni za pikipiki tatu aina ya Boxer 150, maana mwisho wa mwezi tunakwenda Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kupitia Iganga, Tirinyi na Mbale, wengine wakiwa na abiria.

Moja ya hizo ilibadilishwa cheni peke yake, sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) zikaachwa. Sasa ukizungusha gurudumu, mahali pengine cheni imekaza kabisa, pengine inaning'inia hadi inagonga kava. Tukiikaza pale ilipolegea, kwingine inalia. Je, cheni hiyo inaokoleka? Tubadilishe seti nzima kwenye zote tatu? Na mwenzetu mmoja anataka kupunguza jino moja mbele kwa ajili ya mlima. Ni sawa?

Fundi_Tororo

Ndugu, msikaze chochote kabla ya kujua kinachokaza ni nini. Pikipiki iwe kwenye stendi ya kati, gia nyutro, injini imezimwa. Chora chaki kwenye tairi na kwenye pingili moja ya cheni, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono na uangalie mkazo unajirudia wapi.

Ukijirudia mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko, tatizo liko nyuma: sproketi imepinda, haikukaa katikati, au beringi inayoibeba imekwisha. Ukijirudia karibu mara tatu katika mzunguko mmoja, ni sproketi ya mbele. Ukifuata ile alama ya cheni, basi ni cheni yenyewe. Chukua sproketi ya nyuma ya meno 42 na cheni ya pingili 116: gurudumu huzunguka karibu mara 2.8 ndipo pingili ile ile irudi, kwa hiyo mkazo utaonekana unahamahama kwenye tairi.

Halafu pimeni. Cheni za saizi 428 zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivuteni inyooke, hesabuni pini 21, mpime kwa rula ya chuma kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, itupwe. Rudieni sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Mkipata 254 au 255 kote, na hakuna pingili iliyoganda kwa kutu, cheni hiyo bado ni nzima na inaweza kuhamia kwenye sproketi mpya. Sehemu moja ikisoma 255 na nyingine 258, msijidanganye, hakuna marekebisho yatakayoisawazisha.

Kuhusu seti nzima: ndiyo, bila kubahatisha. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chake hakijarefuka. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi za ndani (mirija midogo inayozunguka pini) zimelika, nafasi kati ya pingili ikaongezeka. Meno ya sproketi nayo yamelika yakifuata nafasi hiyo ya zamani. Ukileta cheni mpya, rola zake hazikai vizuri kwenye meno yale. Mzigo wote unabebwa na meno machache, nayo yanaila cheni haraka. Angalieni meno kwa ubavuni: yakiwa yamechongoka au yameinama upande mmoja, hayafai. Ile ndogo ya mbele ndiyo huisha kwanza, na ndiyo watu huiacha kwa kuwa imefichwa na kava.

Dada_wa_Mbale

Naongezea kwenye kufunga, maana hapo ndipo kazi nzuri huharibikia.

Legezeni boliti mbili za sproketi ya mbele (spana namba 10) kabla ya kutoa cheni ya zamani, huku mtu mwingine amekanyaga breki ya nyuma, la sivyo sproketi itazunguka tu. Mkirudisha, ile pleti ndogo ya kufungia lazima izungushwe kidogo ndani ya mfereji wa shafti hadi matundu yake yalingane na ya sproketi. Ikiwekwa bila kuingia kwenye mfereji, sproketi inabaki inacheza na boliti zinaweza kulegea njiani. Mkiwa hapo, futeni uchafu wote na mtazame sili ya oili nyuma ya sproketi. Ikilowa oili mbichi, ibadilisheni siku hiyo hiyo.

Nyuma, kagueni raba zilizo ndani ya habu. Shikeni sproketi na muizungushe mbele na nyuma gurudumu likiwa limezuiwa. Ikicheza sana, raba zimekwisha, na cheni mpya itapigwa kila mnapoongeza mwendo. Nati za sproketi zina vipande vya bati vya kuzizuia zisilegee. Vikunjwe vizuri, na vilivyokwisha kukunjwa mara nyingi vibadilishwe kabla havijakatika.

Loki ya cheni (klipu inayofunga kiungo cha kuunganishia): upande uliofungika utangulie kule cheni inakoelekea, mdomo ubaki nyuma. Ikigeuzwa, kitu kikigusa mdomo kinaweza kuichomoa, na cheni ikiachia kwa mwendo inaweza kujikunja mbele na kuvunja kesi ya injini.

Kwenye kukaza, Boxer ina nati ya ekseli na ile nati ndefu ya upande wa sproketi. Zote mbili zilegezwe, pamoja na nati ya rodi inayozuia pleti ya breki, ndipo mguse viadjasta (skrubu za kusogeza ekseli). Alama zilizochongwa pembeni msiziamini peke yake. Pimeni kwa tepu kutoka katikati ya boliti ya swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma) hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, vipimo vilingane. Mchezo wa cheni (kiasi inachopanda na kushuka), katikati ya upande wa chini, uwe milimita 20 hadi 30, na upimwe pale cheni ilipokaza zaidi. Anayebeba abiria aelekee 30: gurudumu likipanda kwa mzigo, cheni hukaza zaidi, na cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi ya shafti ya gia.

Tafadhali sana, msisafishe wala kupaka oili cheni huku injini inaunguruma na gia imeingia. Vidole hukatika hivyo. Mkono unatosha kuzungusha gurudumu.

Mpanda_Njeru

Asante sana dada, na wewe fundi. Tumepima: cheni ile inasoma 255 hadi 258, kwa hiyo inatoka na sproketi zake. Bado swali la jino moja. Pia, cheni tupake nini? Wengi hapa wanatumia oili chafu ya injini.

Kilima_Kapchorwa

Jino: chukua mfano wa meno 42 nyuma na 14 mbele. Uwiano ni 3.00. Ukiweka 13 unakuwa 3.23, yaani nguvu kwenye gurudumu inaongezeka karibu asilimia 8, na kwa mwendo ule ule injini inazunguka asilimia 8 zaidi. Spidomita ya Boxer inasoma kutoka gurudumu la mbele, haidanganyiki. Ekseli itarudi nyuma kama milimita 3, nafasi ipo. Lakini kutoka Jinja hadi Mbale barabara ni tambarare kwa sehemu kubwa, na injini italia bure saa nzima nzima ili kufaidi mlima wa mwisho. Mimi ningeacha meno ya kiwandani na kutumia gia ya chini. Kutoka Mbale hadi Sipi mnapanda mita 600 hivi. Injini hupoteza kama asilimia 6 ya nguvu kwa wembamba wa hewa. Hiyo haihitaji kuchezea kabureta. Sponji safi ya hewa itasaidia zaidi: ioshwe kwa mafuta ya taa, ikauke, ilowekwe oili safi ya injini kidogo, ikamuliwe bila kuisokota.

Oili chafu ina vumbi la chuma na masizi. Unapaka msasa ndani ya bushi. Tumia oili ya gia SAE 90, cheni ikiwa bado ya moto baada ya safari, tone kwenye kila kiungo upande wa ndani, kisha futa iliyozidi. Grisi nzito haipenyi, inakusanya tu vumbi la murram.

Mimi naogopa zaidi kushuka kuliko kupanda. Ekseli ikirudishwa nyuma, rodi ya breki ya nyuma hukazika, kwa hiyo breki irekebishwe upya baada ya cheni: pedali icheze milimita 20 hadi 30, na gurudumu lizunguke bila kukwama. Ile rodi ya kuzuia pleti ya breki irudishwe na spliti pini yake. Ikisahauliwa, mkikanyaga mara ya kwanza pleti inazunguka na gurudumu linaweza kujifunga.

Tazameni pia mkono wa breki pale kwenye habu. Kuna tabia ya kuuhamisha meno kwenye shafti ili breki iliyokwisha ionekane bado inashika. Kishale cha kuonyesha ulikaji hakisemi kweli tena, na kamu (kipande kinachotanua breki shuu) ikizidi kugeuka inaweza kukwama ikiwa imefunga. Fungueni dramu, mwone breki shuu kwa macho.

Kwenye mteremko gia ya pili au ya tatu, injini ikiwaka, na breki za mbele na nyuma zikigawana kazi. Wanaoteremka frii, bila gia, kuokoa petroli huziachia dramu joto lote, na dramu ikishapata moto, mkono unavuta na pikipiki haisimami. Likitokea hilo, shusheni gia moja moja, simameni pembeni, msiimwagie dramu maji. Iachwe ipoe yenyewe.

Fundi_Tororo

Mkifunga cheni mpya, kagueni mchezo wake tena baada ya kilomita 100 hadi 200, kwa hiyo ifungeni mapema na msingoje usiku wa kuamkia safari. Na kwenye begi la kikundi muwe na loki mbili za saizi 428, plaizi, spana ya ekseli na kipande cha pingili chache cha kuungia cheni ikikatika, kutoka ile cheni ya 255 hadi 258, mkikata sehemu iliyolika kidogo kuliko nyingine.